Jina la Mahdi katika Picha ya Senema



Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo baadhi ya wazee wataliona dogo, nalo ni picha ya senema. Vijana wetu hapa Rungwa wanayo katika simu zao, na wametuuliza swali ambalo si dogo hata kidogo. Wametuuliza: Huyu Mahdi aonyeshwaye katika picha hii, apandaye mnyoo mkubwa wa mchangani na kuongoza majeshi, ndiye yule tuliyefundishwa kwamba atakuja mwisho wa zama? Na watu wale wa jangwani watamkao maneno yaliyo kama ya Kiarabu, je, wale ni sisi?

Mzazi anaweza kujibu kwa ukali, "Upuuzi huo, acheni kutazama." Walakini kijana aliyekwisha kutazama hanufaiki na jibu hilo. Ataondoka na picha yake kichwani na swali lake moyoni, na atakwenda kuliuliza kwa mwingine asiyejua. Kwa hivyo twaonelea ni bora tuijue habari yenyewe tangu mwanzo: kitabu kilichozaa picha hiyo, kilichobadilishwa kilipotiwa katika senema, na mafunzo yetu sisi juu ya maneno yaliyotumiwa humo.

Kitabu chenyewe

Picha hiyo huitwa Dune, na maana yake ni tuta la mchanga wa jangwani. Imetolewa katika riwaya ya jina hilo hilo, iliyotungwa na Bwana Frank Herbert wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufa mwaka 1986. Bwana huyu alikuwa mwandishi wa magazeti. Katika mwaka 1957 alikwenda pwani ya Oregon ili aandike habari za mchanga uliokuwa ukisukumwa na upepo na kufunika njia na majumba, na habari za wataalamu wa serikali waliokuwa wakiuzuia kwa kupanda majani. Makala ile haikutoka gazetini, lakini fikira yake haikumtoka mwenyewe. Akasoma sana habari za majangwa, na za watu wakaao humo, na za dini zao, hata akatunga riwaya ndefu.

Riwaya hiyo ilianza kutolewa vipande vipande katika gazeti la hadithi mwezi wa Desemba 1963. Mtungaji alipotaka iwe kitabu, wachapishaji zaidi ya 20 waliikataa. Mwisho ilikubaliwa na kampuni ya Chilton ya Philadelphia, ambayo watu waliijua kwa vitabu vya kufundisha matengenezo ya magari, ikatoka mwaka 1965. Hivi leo ni moja katika riwaya za kubuni za sayansi zisomwazo zaidi duniani. Na mtungaji aliitunuku kwa wataalamu wa mazingira ya nchi kavu, jambo ambalo wengi waliotazama picha tu hawalijui.

Hadithi yenyewe ni ya zama za mbali zijazo. Iko sayari moja iitwayo Arrakis, jangwa tupu lisilo mvua, na humo hupatikana kiungo cha thamani ambacho hurefusha maisha, na bila hicho vyombo haviwezi kusafiri baina ya nyota. Kwa sababu ya kiungo hicho wafalme na mabwana wakubwa hupigana. Wenyeji wa sayari hiyo huitwa Fremen. Watu hawa huvaa nguo zikusanyazo jasho la mwili lipate kunywewa tena. Kwao mtu akitema mate mbele ya mgeni hamtukani, bali humheshimu, kwani amempa maji ya mwili wake. Siku moja huwajia kijana mgeni, Paul, mwana wa mtawala aliyeuawa, nao wakaona kwake dalili za yule waliyekuwa wakimngojea.

Msomaji wa Singida hahitaji kuelezwa sana thamani ya maji. Sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua, na kiangazi kikishika, mama wa nyumba hujua ndoo ipi ni ya kupikia na ipi ni ya kutawadhia. Nadhani, ewe msomaji, hapo ndipo vijana wetu walipoipenda hadithi hii kabla hawajafika kwenye mnyoo.

Maneno tuyajuayo

Sasa tuje kwenye maneno. Msomaji wa Marekani akiifungua riwaya hii hukuta majina ya ajabu, akadhani kwamba mtungaji ameyaumba yote kichwani mwake. Lakini Mwislamu, hasa asemaye Kiswahili, atayatambua mengi mara moja, kwa sababu yamo katika lugha yake ya kila siku.

Paul hupewa jina la siri, Usul, nalo mtungaji amelieleza kuwa ni kitako cha nguzo. Kwetu usuli ni misingi, na neno letu "asili" latoka katika shina hilo hilo. Askari wake walio tayari kufa huitwa Fedaykin. Shina lake ndilo la fidia, yaani kitolewacho ili kumkomboa mwingine. Mnyoo mkubwa huitwa Shai-Hulud: shai ni kitu, na khuludi ni kudumu milele. Wenyeji humwita Paul Lisan al-Gaib, yaani ulimi wa ghaibu, na Waajemi walimpa lakabu hiyo mshairi wao mkubwa Hafidh wa Shiraz karne nyingi kabla ya riwaya hii.

Lakini sisi tufundishao watoto twalipenda zaidi jina la hadhara alilojichagulia Paul, yaani Muad'Dib. Katika riwaya ni jina la panya mdogo wa jangwani ajuaye kujitafutia maji, na mzee wa wenyeji husema kwamba panya huyo kwao huitwa mwalimu wa wavulana. Neno hili ni muaddib, naye ni mtu atiaye adabu. Zama za makhalifa muaddib alikuwa mwalimu aliyewekwa katika nyumba ya mkubwa ili awafundishe watoto elimu pamoja na mwenendo mwema. Basi kila mwalimu wa chuo cha Kurani ni muaddib, na hakuna aliyempandisha juu ya mnyoo.

Maneno haya Bwana Herbert aliyaokota katika vitabu alivyovisoma. Kimoja katika hivyo ni kitabu cha Bibi Lesley Blanch wa Uingereza, kilichotoka mwaka 1960, kielezacho habari za Imamu Shamil wa milima ya Kaukazi. Imamu huyo aliwaongoza Waislamu wa Dagestan na Chechnya kupigana na Warusi tangu mwaka 1834 hata alipokamatwa mwaka 1859. Akafa Madina mwaka 1871 alipokuwa amekwenda hija, akazikwa katika makaburi ya Baqii. Watu wasomao wamekwisha kuonyesha kwamba riwaya imechukua majina na misemo kutoka kitabu hicho. Kwa hivyo kijana akiuliza, "Je, wale ni sisi?" jibu la kwanza ni kwamba sehemu ya mavazi yao yameazimwa kwetu, ingawa mwili uliovikwa ni wa kubuniwa.

Kilichoachwa njiani

Kukigeuza kitabu kipendwacho kuwa senema ni kazi ngumu kuliko watu wadhanivyo. Katika miaka ya 1970 Bwana Alejandro Jodorowsky wa Chile alitaka kutengeneza picha ya saa nyingi mno kutoka riwaya hii, fedha hazikupatikana, na kazi ikafa kabla ya kupigwa picha. Mwaka 1984 Bwana David Lynch wa Marekani alitoa picha yake, akaibana riwaya yote katika saa mbili na dakika chache, watazamaji wakatoka wamechanganyikiwa. Ndipo akaja Bwana Denis Villeneuve wa Kanada, aliyekipenda kitabu tangu ujana wake, akaigawa hadithi mafungu mawili. Fungu la kwanza lilitoka mwaka 2021 na la pili mwaka 2024. Jangwa waliona watazamaji ni la Wadi Rum katika Jordan na la Abu Dhabi, nchi za Waislamu, ingawa waigizaji wakubwa wa hao watu wa jangwani, Bibi Zendaya wa Marekani na Bwana Javier Bardem wa Hispania, hawatoki katika nchi hizo.

Katika kazi ya namna hii lazima vitu viachwe. Msomaji hukaa na kitabu siku kumi, mtazamaji hukaa na picha jioni moja. Nasi hatumlaumu mtengenezaji kwa kupunguza. Twatazama tu amepunguza nini, na alichokiongeza ni nini.

La kwanza lililoachwa ni karamu. Katika riwaya, mabwana wa mji wa Arrakis walikuwa na desturi ya kunawa mikono kabla ya kula na kumwaga maji sakafuni kwa makusudi, kuonyesha utajiri wao, na vitambaa vilivyolowa vikatupwa chini. Nje maskini walingoja kamuo la vitambaa hivyo. Baba yake Paul alipofika kutawala aliikomesha desturi hiyo, akaamuru kila maskini ajaye apewe kikombe cha maji safi. Ni ukurasa mmoja au miwili, na katika picha haumo. Nasi twasikitika, kwa sababu kwa nyumba ya Kiislamu huo ndio ukurasa bora wa kitabu kizima. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo ni kadiri ya kibaba. Mtoto aliyesoma juu ya karamu ile, akaambiwa na habari ya kibaba hicho, hataacha bomba wazi wala hatatikisa ndoo ovyo kisimani.

La pili lililoachwa ni neno moja, na hilo lataka fungu lake peke yake.

Neno lililotolewa mlangoni

Katika riwaya, Paul huona kwa njozi kwamba watu watapigana kwa jina lake katika dunia nyingi na kuua halaiki ya watu, naye huogopa. Mtungaji ameyaita mapigano hayo jihadi, akalirudia neno hilo mara nyingi. Katika picha za mwaka 2021 na 2024 neno hili halisikiki. Mahali pake pamewekwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya vita vitakatifu.

Sababu yake si vigumu kuikisia. Mwaka 1965 msomaji wa Marekani alilisikia neno jihadi kama neno la mbali la vitabu vya historia. Baada ya Septemba 2001 amelisikia kila siku katika habari za mauaji. Huenda watengenezaji waliona aibu, au hofu, au walitaka kutuheshimu. Kwa vyovyote neno limetolewa, na wako Waislamu waliofurahi, na wako waliolalamika kwamba wamechukuliwa mavazi yao yote na kunyimwa jina.

Sisi twaona hatari ya namna nyingine, nayo iko huku kwetu. Ninyi mwajua kwamba picha za kigeni zifikapo katika mabanda ya video ya nchi yetu, mara nyingi huja na sauti ya mfasiri asimuliaye kwa Kiswahili juu ya maneno ya waigizaji. Mfasiri huyo ni mtungaji wa tatu baada ya mwandishi wa kitabu na mtengenezaji wa picha. Akifika mahali pa "vita vitakatifu", atasemaje? Ni rahisi sana aseme jihadi, kwa maana ndilo neno lililo karibu na ulimi wake. Basi neno lililotolewa mlangoni Marekani litaingia dirishani Tanzania, na litaingia uchi, halina maana nyingine ila kuchinja watu kwa ajili ya mtu mmoja.

Kwa hivyo yatupasa kulivika nguo zake. Jihadi ni kujitahidi katika njia ya Mwenyezi Mungu. Maneno yetu "juhudi" na "jitihada" ni ndugu zake wa tumbo moja. Mwanafunzi akikesha na somo lake huwa na juhudi. Mwanachuoni akichunguza hukumu kwa dalili hufanya ijtihadi. Vita navyo vimo katika maana ya jihadi, hatuwezi kukanusha, lakini vina masharti na mipaka iliyoandikwa na mafakihi: haviuawi vitoto wala wanawake wasiopigana, wala wazee, wala watawa, wala havipiganwi ili kumpandisha mtu kiti. Na Bwana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba katika jihadi iliyo bora ni mtu kusema neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Sasa yapimeni mapigano ya Paul kwa kipimo hiki, mtaona kwamba hata mtungaji aliyelitumia neno letu hakulijua nusu yake.

Jina lililobaki

Neno jihadi limetoka, lakini jina la Mahdi limebaki, na wenyeji katika picha hulitamka kwa machozi. Hapa pana jambo la kuangalia vizuri, kwa sababu riwaya na picha zote mbili zina onyo ambalo mtazamaji mwenye haraka hulikosa.

Katika hadithi hii kipo chama cha siri cha wanawake wenye maarifa. Chama hicho, miaka mingi kabla ya Paul kuzaliwa, kilituma watu kwenda kupanda utabiri wa uongo katika mataifa manyonge, ili siku moja mtu wao akipatwa na dhiki aweze kujifanya yeye ndiye aliyetabiriwa. Mama yake Paul ni wa chama hicho, na alipokuwa hatarini jangwani aliuvuna utabiri uliopandwa na wenzake. Basi imani ya watu wale ilikuwa shamba la wengine. Bwana Herbert alisema mara nyingi kwamba alitaka kuwaonya watu wasijitupe kwa mashujaa. Wasomaji wengi wakamshangilia Paul hata hivyo, na katika mwaka 1969 mtungaji akatoa kitabu cha pili ili onyo lake lionekane wazi.

Na hapa yatupasa kumpa mtengenezaji wa picha haki yake. Katika riwaya, Chani, mwanamke apendwaye na Paul, humfuata bila ya shaka. Katika picha ya mwaka 2024 Chani amefanywa mwenye kutilia shaka. Huona kwamba watu wake wanafungwa kwa hadithi iliyoletwa na wageni, husema hivyo mbele ya wenzake, na mwisho wengine wapigapo magoti yeye hugeuka na kwenda zake. Hayo hayamo kitabuni. Ni badiliko kubwa, na wako wasomaji waliochukia. Sisi twaona kwamba kwa badiliko hilo picha imelisema wazi zaidi lile ambalo mtungaji mwenyewe alilitaka. Mara nyingine mtu humtii mwalimu wake kwa kubadili maneno yake.

Onyo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1905, huko Ngarambe katika nchi ya Wamatumbi, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji akasema yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wajerumani walimnyonga mwezi wa Agosti mwaka huo, na vita viliendelea hata mwaka 1907, na waliokufa kwa risasi na kwa njaa ni watu wengi mno. Hatuwadharau wazee wale; walipigana na dhuluma ya kweli. Bwana Ebrahim Hussein alipoitunga habari hiyo kuwa mchezo wa kuigiza, uitwao Kinjeketile, uliotoka mwaka 1969, alionyesha jambo lile lile lililo katika riwaya ya jangwani: neno likitoka kinywani mwa mtu na kushikwa na umati, huwa kubwa kuliko aliyelitamka, na yeye mwenyewe hawezi tena kulizuia. Vijana wetu wangesoma mchezo huo kwanza, wangemtambua Paul mara tu amwonapo.

Na huko Sudan, mwaka 1881, Muhammad Ahmad bin Abdallah alitangaza kwamba yeye ndiye Mahdi. Alipigana na utawala wa Misri na Waingereza, akauteka mji wa Khartoum mwezi wa Januari 1885, akafa mwezi wa Juni mwaka huo huo. Dola yake ilivunjwa mwaka 1898. Alikuwa mtu shujaa na mchamungu kwa ushahidi wa wengi, lakini mwisho wa zama haukuja, na ardhi haikujaa uadilifu.

Jibu la swali

Sasa tuwajibu vijana wetu. Mahdi atajwaye katika hadithi zilizopokewa na Abu Daud na Tirmidhi na wengineo ni mtu katika kizazi cha Bwana Mtume (s.a.w.), ambaye ataijaza ardhi uadilifu kama ilivyokuwa imejaa dhuluma. Madhehebu yamekhitilafiana juu ya khabari zake, na si mahali hapa pa kuyahukumu. Lakini yako mambo ambayo hatukhitilafiani. Mahdi si mtume, wala hana sheria mpya. Hazai vita ili apate ufalme. Haoni ghaibu kwa kula kiungo, kwa maana Kurani yatufundisha kwamba hakuna aliye mbinguni wala ardhini ajuaye ghaibu isipokuwa Mwenyezi Mungu, na Mitume wenyewe hawakujua ila walichofunuliwa. Kwa hivyo mtu yeyote ajaye na kusema, "Mimi ni ulimi wa ghaibu, nifuateni," akiwa katika senema au akiwa katika mtaa wetu, jibu lake ni moja.

Na hili la mtaani ndilo lililotufanya tuandike. Yule wa senema hatadhuru mtu. Mwishowe taa zitawashwa na watu watakwenda kulala. Lakini wako katika zama zetu wanaowaendea vijana maskini kwa ahadi kama ile, wakiwa na aya nusu na hasira nzima. Kijana aliyejifunza maana ya Mahdi na ya jihadi kutoka katika picha tu, tena kwa tafsiri ya banda la video, atawatambuaje? Jina alilisikia, moyo wake umekwisha kuzoea kulitetemekea, na hakuna aliyempa kipimo.

La kufanya nyumbani

Kwa hivyo, ndugu zetu wazazi, hatusemi mkavunje simu. Twasema mambo matatu.

Jambo la kwanza, mtoto atazamapo picha iliyotoka katika kitabu, aulizwe: Kitabu kilisema nini? Kama kitabu chapatikana, na kisomwe. Vipo vya lugha yetu vilivyo karibu zaidi. Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Bwana Shafi Adam Shafi ilitoka mwaka 1999 na imesomwa katika shule zetu za sekondari. Bwana Amil Shivji akaifanya kuwa picha, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, nayo ni ya Kiswahili na ya Unguja yenyewe katika siku za mwisho za utawala wa Waingereza. Yamo humo mambo ambayo mzazi atataka kuyatazama kwanza peke yake. Lakini walau hapo hakuna aliyeazima maneno yetu. Sisi wenyewe tumeyasema.

Na kwa wale wapendao safari za angani, iko riwaya ya marehemu Katama Mkangi wa Kenya, iliyotoka mwaka 1995, ya mtu aliyehukumiwa kufa, akatiwa katika chombo kirukacho, akafika katika nchi ya watu wenye kutendeana haki. Jina lake ni Walenisi, nalo ukilikata vipande ni "wale ni sisi". Tazameni ajabu hii: swali lile lile walilotuuliza vijana, "Je, wale ni sisi?" mtungaji wa Kiswahili alikwisha kulijibu kwa jina la kitabu chake. Twaomba siku moja atokee kijana wa Afrika Mashariki mwenye ujuzi wa senema aitie katika picha, ili watoto wetu waone dunia ya kubuni ambayo hawakuingizwa humo kama watu wa kuvikwa vilemba tu.

Jambo la pili, maneno yetu na yafundishwe nyumbani kabla hayajafundishwa na wengine. Jioni moja baada ya sala ya Magharibi yatosha kwa neno jihadi, na nyingine kwa neno Mahdi, na nyingine kwa neno ghaibu. Baba asiyejua na amwulize mwalimu. Hakuna aibu katika kuuliza. Mama naye asiseme kwamba hiyo ni kazi ya chuo. Chuoni mtoto hukaa saa mbili, nyumbani hukaa usiku kucha.

Jambo la tatu, mtoto akiuliza swali lililotoka katika senema, asichekwe. Swali ni mlango ulio wazi, na aliyefungiwa mlango huo leo hataugonga tena kesho.

Tulisema juu ya panya mdogo wa jangwani aitwaye mwalimu wa wavulana. Katika hadithi hiyo yote yenye wafalme na majoka na majeshi, mtungaji alilichagua jina la mtia adabu akampa shujaa wake, kisha shujaa akalisahau, akaenda kutafuta ufalme. Sisi tusilisahau. Katika kila nyumba Mwenyezi Mungu ameweka muaddib wawili, baba na mama, na atawauliza juu ya walichokilea.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi subira ya kuwajibu. Amin. Wabillahi tawfiq.